Wiki Moja Tu: Seneti ya Marekani na Jaji Mwenye Tuhuma

BARAKA: Haya wasikilizaji tumerudi, mi Baraka, na dada yangu Mwanaidi yupo hapa na chai yake ya tangawizi, mkisikia mtu anapuliza kitu msishangae ndo huyo. Da Mwana, leo umetuletea Wamarekani.

MWANAIDI: Nimewaleta kwa sababu ya ule ubishi wetu. Mtu kateuliwa kuwa jaji, halafu anatokea mtu anasema huyu alinifanyia jambo baya, wabunge wanafanyaje? Sa kwetu Tanzania bunge halihusiki, Rais anateua basi, majirani zetu Kenya ndo Jaji Mkuu na naibu wake lazima wapite bungeni, ila Marekani hata jaji wa wilaya wa serikali kuu anapita Seneti, yaani bunge lao la juu, na akishakaa kumtoa ni shughuli.

BARAKA: Na tunaongelea yule Brett Kavanaugh wa 2018, aliyeteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, sio?

MWANAIDI: Yeye na Clarence Thomas wa 1991, maana ukiwaweka pamoja kuna kitu kinajirudia mpaka inachekesha. Ngoja nianze na 1991. Rais Bush mkubwa kamteua Thomas Mahakama ya Juu hiyohiyo, kamati ya Seneti inayowahoji majaji mwenyekiti wake Joe Biden, ndo huyohuyo Biden aliyekuja kuwa Rais. Profesa Anita Hill, aliyewahi kufanya kazi chini ya Thomas, akaipa kamati maelezo ya maandishi kwamba bosi wake alikuwa anamsumbua kwa maneno ya kingono kazini, FBI, wapelelezi wa serikali kuu, wakamhoji yeye, wakamhoji na Thomas, Thomas akakana, na kamati ikapiga kura tarehe 27 Septemba, saba kwa saba, jina likapelekwa Seneti nzima na wananchi huku nje hawajui lolote.

BARAKA: Yaani funika kombe mwanaharamu apite.

MWANAIDI: Kombe likafunuka Oktoba, habari ikavuja kwa waandishi. Sa hapa kuna picha naipenda, wabunge wanawake saba wa bunge la chini wanapanda ngazi za jengo la bunge kwa haraka, magauni yanapepea, wanaenda kuwagongea maseneta wa Democrat, chama chao wenyewe, waliokuwa kwenye kikao chao cha chakula cha mchana, na mlangoni wanaambiwa hapa wageni hawaingii.

BARAKA: Wageni! Chama chao wenyewe jamani.

MWANAIDI: Chama chao! Kura ilikuwa iwe siku hiyohiyo, tarehe 8, ikaahirishwa. Kwa muda gani? Wiki moja. Ndani ya wiki hiyo wakabanana kumhoji Hill na Thomas mbele ya tivii, siku tatu, wanaume weupe 14 wamekaa mstari mmoja wanamuuliza mwanamke mweusi mambo ambayo hata mimi hapa siwezi kuyarudia maana watoto wanasikiliza. Tarehe 15 kura, 52 kwa 48, kapita.

BARAKA: Sawa, ila dada, mi nasimama kidogo upande wa mtuhumiwa, maana we mtu unafanya kazi miaka yote, siku unapata cheo anatokea mtu na jambo la zamani, unajiteteaje? Kila mtu mtaani ana adui yake.

MWANAIDI: Hoja ya haki hiyo, siikatai. Ndo maana mi sigombani nani alisema kweli, hapo sikuwepo. Ugomvi wangu ni kuhusu mashahidi. Angela Wright, naye aliwahi kufanya kazi kwa Thomas, naye alikuwa na ya kusema, alikuwepo Washington anasubiri kuitwa, na hakuitwa. Maelezo yake yakabandikwa tu kwenye kumbukumbu. Hii inamuumiza nani? Wote wawili! Kama anadanganya, Thomas kakosa nafasi ya kumuumbua hadharani, kama ni kweli, Hill kaachwa anapigana peke yake.

BARAKA: Mh. Haya twende 2018.

MWANAIDI: Miaka 27 baadaye. Mwanamke anaitwa Christine Blasey Ford anaandika barua ya kumtuhumu Kavanaugh Julai, inamfikia seneta Dianne Feinstein wa Democrat, Ford kaomba iwe siri, Feinstein kaiweka, kikao cha kwanza cha kumhoji Kavanaugh kikapita mwanzoni mwa Septemba barua bado ipo droo, mpaka katikati ya mwezi ndo mambo yakatoka nje. Hapo Republican, chama cha upande wa Kavanaugh, wakasema mmeitunza ije kulipuka dakika za mwisho, na kusema kweli hata ungekuwa wewe ungelalamika.

BARAKA: Na yeye alidai nini hasa?

MWANAIDI: Kwamba mwaka 1982 huko Maryland, yeye ana miaka 15, Kavanaugh alijaribu kumbaka kwenye sherehe ya vijana. Kavanaugh akakana katakata, akaja na kalenda yake ya ukutani ya 1982 kama ushahidi, kaandika mazoezi, sherehe, safari za ufukweni.

BARAKA: Mi kalenda ya mwezi uliopita sina!

MWANAIDI: Sasa Republican kwenye kamati walikuwa 11, wote wanaume, wanakumbuka picha ya 1991, wakamkodi mwendesha mashtaka mwanamke kutoka Arizona, Rachel Mitchell, amuulize Ford kwa niaba yao. Akapewa dakika tano tano, ukianza kujenga hoja kengele, anaingia wa upande wa pili, unarudi umesahau ulipoishia. Alipofika Kavanaugh, mama wa watu kauliza kidogo tu seneta wa Republican Lindsey Graham akalipuka, na baada ya hapo wanaume wakauliza wenyewe.

BARAKA: Halafu yule wa kwenye lifti.

MWANAIDI: Jeff Flake, seneta wa Republican. Wanawake wawili wamemzuia mlangoni mwa lifti wanalia, anaangalia chini, siku hiyohiyo dunia nzima imeiona. Akapiga kura ya ndiyo kwenye kamati ila akasema nataka FBI wachunguze kwanza kabla ya kura ya mwisho. Nao wakapewa muda gani?

BARAKA: Usiniambie.

MWANAIDI: Wiki moja! FBI wakahoji watu 10, Ford hayumo, Kavanaugh hayumo. Ripoti ikaja nakala moja, MOJA, ikawekwa kwenye chumba cha siri chini ya jengo, maseneta 100 wanapokezana kuisoma kwa zamu kama gazeti la kijiwe cha kahawa. Seneta Susan Collins, naye Republican, akasimama akasema madai hayajafikia hata kiwango cha "yaelekea ni kweli kuliko uongo". Tarehe 6 Oktoba kura, 50 kwa 48, kapita.

BARAKA: Hapo angalau katumia kipimo, wengine hata kipimo hawakukitaja.

MWANAIDI: Kipimo ni kizuri, ila unapima nini kama waliotumwa kuleta mzigo wamepewa siku saba na orodha fupi? Na kuna kipande cha mwisho watu hawakijui. Wananchi na mawakili walipeleka malalamiko 83 kuhusu Kavanaugh, mengi kuhusu alivyoongea pale kwenye kamati, wakati bado ni jaji wa mahakama ya rufaa. Desemba baraza la majaji likayatupa yote, likasema ni mazito ila utaratibu ule hauwagusi majaji wa Mahakama ya Juu.

BARAKA: Subiri. Kwa hiyo yamekufa kwa sababu kapandishwa cheo?

MWANAIDI: Kapandishwa cheo. Chai imepoa hii, nipe hiyo chupa.