Soma Ukurasa Kabla ya Kuagiza Tona: Kasoro za Uchapaji kwenye Printa Mpya ya Leza ya Rangi

Ndugu zangu wa TEHAMA, makatibu muhtasi, na ninyi nyote mnaoitwa mbio kila printa inapochapa vibaya, habari za asubuhi.

Printa mpya ya rangi ikitoa ukurasa wenye mistari, madoa au rangi zilizopauka, ofisi nyingi hukimbilia kuagiza tona, yaani ule unga wa rangi unaochapia. Naomba tuiache tabia hiyo. Seti ya katriji nne ni fedha nyingi, na kwenye mashine iliyotoka kwenye boksi juzi, kuisha kwa tona ni sababu ya mwisho kufikiriwa. Ukurasa ulioharibika unaonyesha wenyewe kasoro iko kwenye kifaa gani, mradi tuusome kwa utaratibu, na rula mkononi.

Tuanze na safari ya picha. Katika printa nyingi za leza za rangi zinazouzwa sasa, kila rangi ina dramu yake, yaani silinda inayochorwa picha kwanza: samawati, majenta, njano na nyeusi. Dramu hupakwa chaji ya umeme sawasawa, kisha mwali wa leza hubadilisha chaji hiyo pale tu panapotakiwa picha, na tona hunasa hapo. Kutoka kwenye dramu, picha huhamia kwenye mkanda mpana, na rangi zote nne hupangana juu ya mkanda huo. Baadaye rola moja huivuta picha nzima kwa umeme hadi kwenye karatasi, na fyuza huiyeyusha ishike, kwa mgandamizo na joto ambalo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 180 na 200 za Selsiasi.

Shikeni jambo moja hapo. Kabla ya mkanda, kila rangi iko peke yake. Baada ya mkanda, zote ziko pamoja. Doa la majenta tupu limetoka kwenye dramu au katriji ya majenta, au njia ya leza ya rangi hiyo. Kasoro inayogusa rangi zote mahali pamoja imetoka kwenye mkanda, rola ya kuhamishia, fyuza, au karatasi yenyewe. Swali hilo moja linaondoa nusu ya kazi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuchapa ukurasa wa majaribio kutoka kwenye paneli ya printa, bila kompyuta. Ukitoka safi, mashine ni nzima. Tatizo liko kwenye draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuiamuru printa), kwenye mipangilio ya programu, au kwenye faili. Na kama printa yenu hutoa pia kopi, na mstari unaonekana kwenye kopi tu, tena zile zilizopitishwa kwenye kilishio cha juu kinachovuta karatasi chenyewe, wala haupo ukilaza karatasi juu ya kioo kikubwa, basi msiguse dramu. Futeni ule ukanda mwembamba wa kioo kando ya kioo kikubwa. Punje moja ya wino wa kufutia makosa ikiganda hapo huchora mstari kwenye kila kopi.

Hatua ya pili inahusu mashine mpya hasa. Fungueni milango yote, hata ile ya nyuma, mtafute vitu vya usafirishaji vilivyosahaulika: tepu za rangi, vipande vya povu, na utepe wa kuziba katriji. Utepe huo huvutwa taratibu na kwa unyoofu. Ukikatikia ndani, rangi hiyo itatoka nusu au haitatoka kabisa. Baadhi ya mashine zina vishikio vidogo karibu na fyuza vinavyopunguza mgandamizo kwa ajili ya bahasha. Vikibaki kwenye nafasi ya bahasha, tona itafutika kwa kidole kwenye karatasi ya kawaida, na mtu ataamini fyuza imekufa.

Sasa rula. Kila kitu kinachozunguka ndani ya printa huacha alama yake kila kinapomaliza mzunguko mmoja. Mzunguko ni kipenyo mara 3.14. Dramu ya kipenyo cha milimita 24 itarudia doa kila milimita 75. Ya milimita 30, kila milimita 94. Rola ya chaji, ile inayoipaka dramu umeme, yenye kipenyo cha milimita 12 itarudia kila milimita 38 hivi. A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo doa la dramu ndogo utalikuta mara tatu au nne kwenye ukurasa mmoja. Pimeni kutoka kitovu cha doa hadi kitovu cha linalofuata, kisha mlinganishe na jedwali lililo kwenye mwongozo wa huduma wa modeli yenu, maana vipenyo hutofautiana. Mkanda mara nyingi ni mrefu kuliko A4, hivyo doa lake halijirudii kwenye ukurasa huohuo: chapeni kurasa tano mfululizo mwone linavyohama. Mkishajua ni dramu, chapeni ukurasa wa usafishaji mara mbili tatu. Vumbi au tona iliyoshika huenda ikaondoka. Mkwaruzo hautaondoka, na hapo ni suala la dhamana.

Mistari inayofuata mwendo wa karatasi ina tafsiri yake. Mstari mweupe, mwembamba, kwenye rangi moja, maana yake mara nyingi ni kwamba kuna kitu kimeziba mwali wa leza: futeni kidirisha cha leza kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, au kwa kifaa kilichokuja na mashine. Mstari wa rangi unaoanzia juu hadi chini huelekeza kwenye bledi ya kufutia dramu (ukingo unaokwangua tona iliyobaki) au kwenye sehemu ya chaji. Printa nyingi za Brother zina waya wa chaji wenye kitelezi kidogo: kisukumeni kulia na kushoto mara kadhaa, kisha kirudisheni mahali pake penye alama ya mshale. Kikiachwa katikati, chenyewe kinaleta mstari.

Nakaa kidogo kwenye karatasi, kwa sababu hapa pwani ndiyo inayotusumbua kuliko kifaa chochote. Tona huhamia kwenye karatasi kwa nguvu ya umeme. Karatasi iliyonyonya unyevu hupitisha umeme, chaji inavuja, na tona haivutwi sawasawa. Matokeo yake ni haya: maandishi yanaonekana mazuri, lakini eneo kubwa la rangi, kama nembo au kichwa cha ripoti, linatoka na mabaka. Kisha ndani ya fyuza maji yanageuka mvuke na karatasi inajikunja. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, rimu iliyofunguliwa na kuachwa kwenye trei wiki nzima wakati wa masika inatosha kuleta yote hayo. Jaribio lake halina gharama: fungueni rimu mpya, wekeni karatasi ishirini, chapeni ukurasa uleule. Ukitoka safi, mmemaliza. Ganda la rimu hutengenezwa kuzuia unyevu, basi lisichanwe mapema. Rimu zisilazwe sakafuni, na kwenye trei wekeni za matumizi ya siku hiyo.

Unyevu huingia hata kwenye mashine. Printa iliyotoka mahali pa baridi na kuingia kwenye hewa ya joto na unyevunyevu hupata umande kwenye vioo na lenzi, na kurasa za kwanza hutoka zimefifia. Iacheni saa mbili hivi kabla ya kuihukumu.

Nyanda za juu wana shida nyingine. Hewa ikiwa nyepesi, cheche za umeme hupita kwa urahisi zaidi, na volteji iliyopangwa kwa usawa wa bahari inaweza kuleta vitone vyeupe au mfifio. Baadhi ya mashine, zikiwamo za Samsung na Xerox, zina mpangilio wa mwinuko kwenye menyu. Nairobi na Mbeya, zilizo kati ya mita 1,700 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, mpangilio huo unafaa kukaguliwa siku ya kwanza ya kufunga printa.

Vyeti na barua rasmi: mkiweka karatasi ya gramu 160 huku trei imeandikwa ya kawaida, gramu 80, fyuza haitaipa muda wa kupata joto, na tona itabanduka ukiikwaruza kwa ukucha. Badilisheni aina ya karatasi kwenye paneli na kwenye draiva pia. Mashine itapunguza mwendo. Hiyo ndiyo dalili kwamba imeelewa. Kosa la kinyume chake, karatasi nyepesi kwa mpangilio wa nzito, huleta mikunjo na kivuli cha maandishi kinachojirudia chini. Karatasi ya picha ya printa za wino wa maji isiingie humo kamwe, kwani tabaka lake huyeyuka na kushika kwenye fyuza.

Herufi zenye ukingo wa rangi pembeni zinadai ulinganishaji wa rangi, hasa baada ya printa kuhamishwa au kubadilishwa dramu. Kazi hiyo hutumia tona, msiirudie kumi. Ikishindikana, futeni kwanza kihisi kinachosoma mkanda. Na kama ni maandishi meusi pekee yanayoonekana na ukungu, chagueni kwenye draiva nyeusi iundwe na tona nyeusi tu, badala ya kuchanganywa na rangi nne.

Mmeuliza kuhusu tona za kujaza. Tona si unga tu: kila moja ina chaji yake na joto lake la kuyeyuka. Isiyolingana huacha ukungu kwenye sehemu nyeupe au hushika kwenye fyuza. Tunzeni katriji zilizokuja na mashine hata kama zimebakiza kidogo, mzirudishe kwa ajili ya kulinganisha mkishuku. Tona ikimwagika, tumieni kitambaa na maji baridi, si ya moto, wala msitumie kifyonza vumbi cha kawaida, kwa sababu unga huo hupenya kichujio. Dramu ikitolewa nje, ifunikeni dhidi ya mwanga mara moja.

Mkilazimika kumwita fundi wa dhamana, mwandalieni namba ya mashine, idadi ya kurasa kutoka kwenye paneli, kurasa tatu zenye kasoro zilizochapwa kwenye karatasi kutoka rimu mpya, na umbali kati ya madoa kwa milimita ukiwa umeandikwa kwa kalamu juu yake. Atajua aje na kifaa gani.