Sodiamu Haitoi Sadaka

Walimu wenzangu, walionisikia mwaka jana watanivumilia, maana nimerudi na kesi ileile ya sentensi isemayo kwamba sodiamu "inataka" kutoa elektroni yake ya nje ili ifanane na neoni, gesi ambayo mzingo wake wa nje wa elektroni umejaa. Mpangilio wa elektroni zake wa 2.8.1, yaani mbili, nane, kisha moja ya nje, mnaujua, sitaurudia. Ninachouliza ni kimoja: inataka kwa moyo gani?

Ichukueni atomi ya sodiamu iliyo peke yake, katika hali ya gesi, mkaing'oe elektroni hiyo. Kwa kila moli, kile kipimo chetu cha wingi wa atomi, mtalipa kilojuli 496. Sadaka gani hiyo ambayo mpokeaji ndiye anayelipia? Klorini nayo, ikiipokea, hurudisha kilojuli 349 tu, kwa hiyo ile biashara ya mmoja kutoa na mwenzake kupokea, ambayo sisi huichora ubaoni kwa mshale mmoja na kuifuta tukiwa tumeridhika, ina hasara ya kilojuli 147. Hapo sijahesabu gharama ya kuitenganisha sodiamu yabisi iwe atomi moja moja, wala ya kuipasua molekuli ya klorini, ambazo kwa pamoja hukaribia 228. Basi chumvi ya jikoni imetoka wapi? Imetoka katika kukusanyika: ioni, yaani atomi zilizopoteza elektroni (chanya) na zilizoipokea (hasi), zinapovutana na kujipanga kuwa fuwele, huachilia kilojuli zipatazo 787, nazo ndizo zinazolipa madeni yote na kubakiza salio la zaidi ya 400.

Najua yupo atakayesema kwamba mtoto wa kidato cha pili hahitaji hesabu hizi, na kwamba "kutaka" ni lugha ya mkato tu. Ningekubali, kama mtoto huyo asingefika kidato cha tano akiandika kwamba sodiamu hutoa nishati inapopoteza elektroni kwa kuwa "imetimiza lengo lake". Nimeyasahihisha majibu hayo hata kalamu nyekundu inayajua. Na hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa, ambayo mama lishe yeyote huimaliza kabla chai haijapoa.

Mtaniuliza: kama haitaki, mbona hupoteza elektroni moja na si mbili? Ya kwanza iko katika mzingo wa tatu, mbali na kiini cha atomi, na elektroni 10 za ndani zinaukinga mvuto wa protoni 11. Ya pili iko ndani zaidi, na kuing'oa hugharimu kilojuli 4,562, zaidi ya mara tisa, deni ambalo fuwele ya kloridi haiwezi kulilipa. Ni mvuto, umbali na kinga, hamu haimo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nitakimbia. Ukishuka katika kundi la kwanza la jedwali la elementi, gharama ya kung'oa elektroni ya kwanza hupungua: lithiamu ni kilojuli 520, sodiamu 496, potasiamu 419, kwa sababu mizingo inaongezeka. Ukienda kulia katika mstari mmoja wa jedwali hilo, protoni zinaongezeka ilhali mzingo wa nje ni uleule, hivyo atomi kwa jumla hupungua ukubwa, jambo linalowashangaza wanaodhani kwamba kuongeza elektroni ni kama kuongeza unga kwenye ugali. Kwa nini potasiamu huanza mzingo wa nne kabla wa tatu haujajaa, nilikuwa na michoro miwili, naiacha. Na habari ya zenoni, gesi iliyosemwa haiungani na elementi yoyote mpaka mwanakemia Neil Bartlett alipoiunganisha mwaka 1962, watakaonifuata kwenye chai wataipata huko.