Mhusika wako anadaiwa na nani?

Haya jamani tukae, wale wa nyuma sogeeni, spika yenyewe mnaisikia inavyokoroma. Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nimeambiwa niongee kuhusu wahusika wa riwaya, yani unafanyaje mpaka msomaji akubali huyu mtu yupo, na mi nadharia sina, nina aibu tu ya miswada yangu, basi ntaanzia hapo.

Muswada wangu wa kwanza ulikuwa na konda wa daladala, nikamwita Jabiri. Nlimjazia fomu kabisa, urefu, rangi, anapenda ugali dagaa, baba kafariki, mpole, mwaminifu. Kurasa sitini na hakuna anachofanya zaidi ya kuwa mpole na mwaminifu! Rafiki yangu akasoma akanirudishia, akasema konda wako huyu angefaa kuswalisha. Nikanuna wiki nzima.

Siku moja niko kwenye gari la Gongo la Mboto, nimekaa karibu na mlango. Konda kashika noti kazikunja kwa urefu kazipanga katikati ya vidole, sarafu anazichezesha kiganjani, ukizisikia tu unajua nauli inatakiwa. Mama mtu mzima anapanda, "shikamoo mama, pita hapa mbele." Mwanafunzi anapanda, "we denti subiri kwanza." Trafiki kasimamisha gari, sauti ikashuka kabisa, "afande, habari za kazi." Sasa simu ikaita. Akaitazama, ikaita weee, akapokea. "Kaka mi niko msibani Kibaha, ntakucheki jioni." Na nje hapo mpiga debe anabwata Gongo la Mboto, Gongo la Mboto! Jamaa kaziba simu kwa kiganja kile kile chenye sarafu, zikalia, gari zima tukacheka, na yeye akacheka.

Huyo mtu simjui jina mpaka leo, sijui hata anapenda kula nini, ila mngeniuliza jioni ile atafanya nini ningewaambia. Nikarudi nyumbani nikamuuliza Jabiri wangu maswali mawili tu, unadaiwa na nani, na unamdanganya nani? Hakuwa na jibu. Fomu nzima ile na hadaiwi hata na muuza vocha, ndo maana alikuwa amelala.

Na sisemi kila kitabu kiwe hivo. Shaaban Robert kwenye Kusadikika, 1951, waziri anayeshtaki anaitwa Majivuno na mshtakiwa ni Karama, jina lenyewe ndo kazi ya mtu, na inakubali kwa sababu ile ni istiara, yani hadithi nzima ni fumbo, zinazogombana pale mahakamani ni fikra. Halafu njoo 1971 kwa Kezilahabi, Rosa Mistika, binti wa Ukerewe kabanwa na baba mlevi mkali, akitoka kwenda shule hajui uhuru unashikwaje. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Majivuno unammaliza kwa neno lake hilo moja, Rosa huwezi, utasema malaya, mwenzio atasema kaonewa, na wote mna ushahidi. Shida yetu wengi tunadhani tunaandika Rosa kumbe ni Majivuno tumembadilishia jina akawa Kelvin.

Mazungumzo nayo, jamani. Mtu kafumaniwa halafu anaongea kama taarifa ya habari. Na bibi wa kijijini kila akifungua mdomo ni methali, bibi gani huyo, bibi yangu mimi alikuwa anaulizia bei ya sukari. Sikiliza konda alivyobadilika kwa mama, denti, afande na mdeni wake... samahani, mdai wake, mdeni ni yeye. Ukifuta majina kwenye mazungumzo yako na huwezi kujua nani kasema nini, rudi.

Ila usirudi leo. Ukifika ukurasa wa tisini ukagundua jamaa anaogopa maji, andika pembeni uendelee hivo hivo kama vile aliogopa toka mwanzo, sura ya kwanza utairekebisha ukimaliza. Mi nliirekebisha sura ya kwanza miaka miwili, sina ya pili.

Sasa toeni madaftari au simu. Mhusika wako mkuu, saa tano na nusu usiku, simu inaita, ni anayemdai, na pembeni kuna mtu ambaye hajui kuhusu hilo deni. Dakika kumi. Mi nachukua chai hapo mlangoni.