Jinsi ya kumtumia Gliscor: zamu ya kwanza ni Protect, basi

Haya, karibuni tena watu wangu, habari za huko mliko. Leo ni Gliscor peke yake, kiumbe wa mchezo wa Pokémon. Mmemwulizia sana huyu nge mwenye mabawa ya popo, na mimi sihitaji kubembelezwa kumzungumzia. Tuko hapa Arua, dukani. Hizo kelele mnazosikia ni mvua juu ya mabati, mtanivumilia. Simu ameshika mdogo wangu. Ewe, sogea kidogo, kivuli chako kimefunika skrini. Hapo hapo, usitikisike.

Tunacheza Pokémon Showdown, ile ya kwenye brauza. Ni bure, haili bando sana, hata simu iliyochoka inaifungua. Wewe mwenye mashine ya Switch na mchezo wa Scarlet au Violet, mtafute Gligar, yaani Gliscor kabla hajabadilika, mwenye kipaji cha Immunity, mpe Razor Fang, mpandishe levo usiku, atakugeukia Gliscor mwenye Poison Heal. Ila Gligar yuko kwenye nyongeza ya The Teal Mask ya 2023, kwenye mchezo wa msingi hayupo. Sisi wa Showdown tunaandika jina tu na maisha yanaendelea.

Kutengeneza: bonyeza, bonyeza, andika Gliscor. Kipaji Poison Heal. Kifaa Toxic Orb, kinachomtia sumu yeye mwenyewe aliyekishika. Hivyo viwili haviachani, ukikosa kimoja una nge wa kawaida. Mapigo: Earthquake ya kushambulia, Toxic ya kumtia mpinzani sumu, Protect ya kuzuia pigo kwa zamu moja, Substitute ya kuweka mdoli mbele yako. Najua wengi wenu mnaweka Spikes na Knock Off, na hamjakosea, wachezaji wakali wanaweka hivyo. Mimi napenda Substitute kwa sababu inamkasirisha mtu, na mtu aliyekasirika hubonyeza ovyo.

Silika ni Impish, inayoongeza ulinzi. EV, yaani pointi za mazoezi: HP, ndiyo uhai, weka 244, si 252. Def, ulinzi, 252. Zile 12 zilizobaki tupa kwenye mbio. Tera, yaani aina mpya anayoweza kugeukia katikati ya pambano, weka Water, tutafika huko.

Kwa nini 244? Angalieni hapa, leta simu karibu. HP inasoma 352. Gawanya kwa 8 unapata 44, hakibaki kitu. Sasa nikipeleka 252, HP inakuwa 354, gawanya kwa 8, mchezo unakata desimali, unabaki na 44 ile ile. Umelipa EV nane kwa HP mbili. Zitoe, mpe mbio.

Hiyo 44 ndiyo pambano zima. Poison Heal inafanya hivi: kiumbe akiwa na sumu mwilini, badala ya kuumia anapona sehemu moja ya nane ya HP kila mwisho wa zamu. Kwa mwingine ni sumu, kwa Gliscor ni uji wa asubuhi. Leftovers, kifaa ambacho kila mtu anakiabudu, inampa mtu moja ya kumi na sita. Huyu anapata mara mbili ya hiyo. Zamani hakuwa hivi. Alipotoka 2006 na Diamond na Pearl alikuwa na vipaji vingine kabisa, Poison Heal ilimjia kizazi cha tano.

Sasa sikilizeni. Weka hiyo rolex chini, hiyo chapati ya mayai, sikiliza.

Toxic Orb haimpi sumu pale anapoingia. Inampa MWISHO wa zamu. Kwa hiyo kuna zamu moja nzima ambayo Gliscor yuko uwanjani hana sumu, hana tiba, hana kinga. Zamu hiyo unabonyeza Protect. Hata kama mpinzani anaonekana mnyonge. Hata kama Earthquake ingemlaza. Protect.

Yanayoweza kutokea usipofanya hivyo ni haya. Mpinzani akitupa Will-O-Wisp, unaungua, na aliyeungua hapokei sumu tena, Toxic Orb inabaki pambo. Akikupoozesha kwa Stun Spore ni vilevile. Usingizi nao unaizuia sumu hadi aamke. Au anakupiga Knock Off, Toxic Orb inaruka nje kabla haijafanya kazi. Yote manne yanakuachia Gliscor asiyepona, na ukiacha usingizi, ni hadi mwisho wa pambano. Lakini sumu ikishaingia, mambo yanageuka: haungui, hapoozi, halali, kwa sababu nafasi ya ugonjwa imeshajaa. Knock Off ikija baada ya hapo, chukua Toxic Orb yako uende nayo, sumu imebaki mwilini, na tiba inaendelea.

Zamu ya kwanza Protect. Nitairudia, msinichoke.

Twende uwanjani. Natafuta mpinzani... amepatikana. Timu yake: Great Tusk, Weavile, Corviknight, Raging Bolt, na wengine wawili ambao leo hawatuhusu. Kabla ya kuanza, msome mtu. Corviknight ni chuma na ni ndege: chuma haishiki sumu ya Toxic, ndege haguswi na Earthquake. Gliscor wangu hana la kumfanya, akiingia mimi natoka. Gholdengo naye hapokei Toxic, ila hapo Earthquake inakusaidia. Weavile ni barafu, na Gliscor ana udhaifu wa aina mbili tu duniani: maji mara mbili, barafu mara nne. Mara nne, ndugu zangu. Raging Bolt ni umeme, huyo ni mteja wetu, umeme haumgusi Gliscor. Kwa sasa.

Natanguliza Gliscor. Yeye katanguliza Great Tusk. Zamu ya kwanza, tunabonyeza nini? Mdogo wangu, tunabonyeza nini? Kasema Earthquake! Ninaishi na mtu huyu.

Protect. Tazama... Great Tusk ametumia Knock Off! Mmeiona? Imegonga ukuta. Na pale chini inaandikwa Gliscor amepata sumu kali, alama ya zambarau hiyo hapo. Angebonyeza mdogo wangu, Toxic Orb ingekuwa matopeni saa hizi. Na Protect imetupa zawadi ya pili, tumejua anataka nini bila kulipa chochote.

Zamu ya pili, Toxic. Great Tusk huyu ni wa ulinzi, mzito, Gliscor anatangulia. Toxic inapata mara tisini kwa mia, kwa hiyo omba... imepata. Yeye karudia Knock Off, Toxic Orb imeenda. HP kutoka 352 hadi 291. Msikimbie! Subiri mwisho wa zamu. Hiyo, 335. Arobaini na nne zimerudi. Na Knock Off hupiga zaidi mtu akiwa ameshika kitu. Sasa hatuna kitu, pigo lijalo litakuwa dogo.

Zamu ya tatu, Substitute. Inakata robo ya HP, yaani 88, inatengeneza mdoli anayepigwa badala yako. 335 toa 88 ni 247. Great Tusk kapiga mdoli, mdoli kapungukiwa lakini kasimama. Mwisho wa zamu tuko 291.

Na hapa ndipo ninapopapenda. Mdoli ni 88. Tiba ni 44. Zamu moja ya Substitute na zamu moja ya Protect zinakurudishia 88 kamili, yaani mdoli ni wa bure. Wakati huo mpinzani sumu yake inapanda: moja ya kumi na sita, halafu mbili, halafu tatu, nne, tano. Zamu tano zikifika amepoteza kumi na tano kati ya kumi na sita, na wewe hujamgusa kwa mkono.

Zamu ya nne, Protect. Mnaona sikuibonyeza mfululizo? Protect ukiirudia zamu inayofuata inashika mara moja kati ya tatu tu. Weka kitu katikati, Substitute, Toxic, chochote. 335 tena. Great Tusk amebaki asilimia 63 na—

Ah. Umeme.

Mnanisikia? Simu bado inarekodi? Laptopu ina chaji lakini ruta imekufa, na saa ya Showdown haina huruma, ukichelewa unahesabiwa umeshindwa. Lete simu yangu, ile nyingine, washa hotspoti. Hapana, neno la siri ni lile lile la zamani. Herufi kubwa mwanzoni. Haraka jamani... imeunganisha. Ukurasa unarudi. Tupo! Na hizi pawabanki ninazouza hapa, huwa nawaambia watu wa ruta wanunue, wananicheka.

Zamu ya tano. Mtu mwenye Great Tusk mwenye sumu atafanya nini? Atamtoa, ili hesabu ya sumu irudi mwanzo. Na atamleta nani? Mwenye barafu. Kwa hiyo mimi sibonyezi Substitute, mdoli wangu bado yuko hai. Nabonyeza Earthquake kwa anayekuja. Na... Weavile! Karibu sana. Earthquake imemkuta mlangoni, zaidi ya nusu imeenda. Sisi tumejaa, 352.

Polepole hapa. Weavile anatuzidi mbio, ana Triple Axel, mapigo matatu ya barafu. Msidhani mdoli peke yake anatosha: mapigo yanayofuatana humvunja mdoli na yale yaliyobaki yanakuja kwako, na ni mara nne. Njia mbili. Ya kwanza, toka, leta chuma. Ya pili, Tera Water, maana maji yanapunguza barafu kuwa nusu. Tera ni moja tu kwa pambano, basi tumia ukiwa na faida ya kuchukua. Faida ipo: Earthquake ya pili inamuua.

Tera Water, Earthquake. Triple Axel... moja, mbili, tatu, mdoli kavunjika pigo la tatu, Gliscor hajaguswa! Earthquake... Weavile chini. Jirani wa kinyozi kaja kuuliza tunapigania nini.

Sasa kaa macho, hapa watu wanasherehekea halafu wanalia. Gliscor huyu ni maji mtupu sasa. Ile kinga ya umeme imeondoka, ya ardhi imeondoka, na majani na umeme vinamuumiza mara mbili. Mpinzani analijua hilo, tazama anayemleta: Raging Bolt. Dakika tano zilizopita huyu alikuwa mteja wetu. Sasa ana Thunderclap, inayotangulia hata kama wewe una mbio zaidi ukibonyeza shambulio. Naweza kubonyeza Protect nimwone, lakini sihitaji, najua anachotaka. Natoka, namleta Clodsire wangu wa Water Absorb, yeye ni ardhi, umeme haumwingii. Thunderclap yake imeshindwa, maana aliyetoka hakushambulia. Zuri.

Gliscor kapumzika benchi na HP yote na sumu yake ndani. Akirudi, hahitaji Protect ya kuwasha kitu, sumu inabaki naye hata akitoka. Protect ya lazima ni ile ya mara ya kwanza tu. Ile. Ya. Kwanza.

Mambo madogo ya kumalizia. Ukikutana na mwenye Taunt, Protect, Substitute na Toxic zote zinafungwa, unabaki na Earthquake, kwa hiyo ondoka mapema. Dragapult mwenye Infiltrator anapita mdoli kana kwamba hayupo. Whirlwind, inayokufukuza uwanjani, haizuiliwi na Protect wala mdoli. Great Tusk wengine wana Ice Spinner, ile inakula zaidi ya nusu ya HP yako kwa pigo moja. Huyu wetu ama hakuwa nayo ama kaificha, na ndiyo maana nilitaka kumwona kwanza nyuma ya Protect. Na msimpe Rest hata mkishawishiwa vipi, Rest inafuta sumu.

Pambano tutalimalizia kwenye video ijayo kwa sababu bando la hotspoti linaisha na mteja kaingia anataka kioo cha Tecno. Timu nzima nimeibandika hapo chini, nakili uibandike Showdown kama ilivyo. Karibu mzee, kioo kipo, aina gani ya Tecno? Zima simu wewe.