Kampala ninayoishi: mshahara, simu ya Jumapili na wenzangu wa Kansanga

Assalamu alaikum, shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu mambo vipi. Karibuni tena. Leo nipo barazani kwangu hapa Kansanga, Kampala. Mvua ilipiga tangu alfajiri, sasa jua limetoka, na hizo kelele mnazozisikia nyuma yangu ni bodaboda za barabara ya Ggaba. Nimesogeza kiti mpaka ukutani lakini bado zinaingia, nivumilieni.

Leo naongea kazi, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Vijana wa Tanga, wa Muheza, hata wa Korogwe, mnanitumia ujumbe: dada, tumesikia Kampala wanalipa milioni, tutafutie nafasi. Kweli, milioni ipo, na mimi nilianzia hapohapo. Basi tuipige hesabu pamoja kabla hujakata tiketi ya basi.

Ukilipwa milioni moja ya Uganda kwa mwezi, kodi ya mshahara inakata 202,000: yaani 25,000 kwa sehemu ya mpaka 410,000, na asilimia 30 ya kila kinachozidi hapo. Halafu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanakata asilimia 5, yaani 50,000. Hiyo siilalamikii, ni akiba yako, na mwajiri naye anatakiwa akuongezee asilimia 10. Mkononi unabaki na 748,000. Sasa kumbuka shilingi ya huku ina thamani ndogo kuliko yetu, kwa hiyo ukizituma nyumbani zinapungua tena. Ukizitoa kwenye simu, serikali inachukua asilimia 0.5 ya unachotoa, mbali na ada ya kampuni ya simu. Pango hujalipa. Chakula hujanunua. Na taksi, maana huku taksi ndiyo daladala yenu, ile ya watu kumi na wanne, mvua ikinyesha nauli inapanda palepale mbele ya macho yako. Konda anatangaza bei mpya, watu wananuna, wanapanda. Ukigoma utasimama Clock Tower mpaka giza likukute.

Sisemi msije. Mimi nimekuja, nipo, na mdogo wangu anasoma kwa pesa ya huku. Nasema mje mkiwa mmeshaijua hesabu, msidanganyike na wingi wa masifuri.

Haya, kazi yenyewe. Nipo kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, jina lake silitaji. Tunashughulikia mizigo inayoshuka bandari ya Dar na kuja Kampala kupitia Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda. Tangu 2014, nchi zetu zilipoanza utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha, mzigo wa Uganda unatolewa tamko na kulipiwa kodi kwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ungali bandarini kulekule. Zamani uliburuzwa njia nzima ndipo foleni ya makaratasi ianze. Pale Mutukula nako kituo cha pamoja kilizinduliwa Novemba 2017, maofisa wa nchi zote mbili wakakaa sehemu moja. Haya ni mambo mazuri, nayasema kwa moyo wote, yamewapunguzia madereva mateso makubwa.

Ila utaratibu huu unategemea karatasi ziwe sawa tangu mwanzo. Ankara iseme kilo hizi, hati ya shehena iseme kilo hizohizo, orodha ya mzigo ikubaliane nazo. Kazi yangu ni kuzilinganisha. Na jambo la pili, ambalo ndilo hasa lililonipa ajira, ni kuongea na madereva na watu wa Dar kwa Kiswahili. Ofisini wenzangu wengi wanaongea Kiganda na Kiingereza. Dereva wa lori kutoka Tanga au Morogoro akipiga simu ana hasira, ana njaa, anatafuta mtu atakayemwelewa bila kumrudisha nyuma mara tatu. Huyo mtu ni mimi.

Na hapo ndipo kero yangu ilipo. Dereva hajui Jumapili. Lori halijui Jumapili. Simu ya ofisi ninayo mimi, usiku na mchana, siku zote saba.

Niwape mfano mmoja. Jumapili moja kaka mmoja amekwama Mutukula na kontena la vigae. Uzito kwenye ankara na uzito kwenye hati ya shehena haviendani, kwa hiyo hapiti. Amelala ndani ya lori, pesa ya chakula imekwisha, na tajiri wake hapokei simu. Ananiambia, "Dada yangu, nimekunywa chai kavu tangu jana." Mimi niko jikoni na wenzangu, sufuria iko motoni. Unafanyaje? Nilimtumia pesa kidogo yangu mwenyewe ale, nikawasha kompyuta, nikaanza kumtafuta mtu wa Dar mwenye karatasi sahihi. Mpaka jioni bado niko kwenye simu. Jumatatu asubuhi meneja anauliza kwa nini nimechelewa dakika ishirini. Ile Jumapili hakuigusia kabisa.

Sikilizeni, simlaumu dereva. Yule kaka alikuwa na haki ya kupokelewa simu siku ile. Angekuwa kaka yangu wa damu ningetaka apokelewe. Ninachosema ni kwamba ofisi inayofanya kazi siku saba inatakiwa iwe na watu wa siku saba. Haiwezekani mtu mmoja abebe pengo la watu wawili halafu tuliite hilo uchapakazi.

Nimeisoma sheria, na ninyi mnaokuja huku isomeni. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inasema wiki ya kazi ni saa 48 kwa juu kabisa. Ikizidishwa kwa sababu maalumu, isivuke saa 10 kwa siku wala 56 kwa wiki. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na siku ya sikukuu ya taifa zinalipwa mara mbili. Juni 3, Siku ya Mashahidi wa Uganda, wakati mahujaji wamejaa Namugongo, wengine wametembea kwa miguu kutoka hata kwetu Tanzania, mimi nilikuwa mezani nalinganisha ankara. Malipo ya mara mbili nimeyadai kwa maandishi. Na hili ndilo kubwa: hutakiwi kufanyishwa kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya kupumzika. Sheria haisemi lazima iwe Jumapili, inasema siku iliyozoeleka au mliyokubaliana. Likizo ni siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, ukijumlisha mwaka mzima zinakuwa 21. Yote hayo yameandikwa. Ni yako, huhitaji kumbembeleza mtu.

Lakini kima cha chini cha mshahara msikitegemee. Kile cha 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi mpaka leo. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, Rais hakuutia saini. Kwa hiyo mshahara wako ni ule utakaopatana mwenyewe, mezani, siku ile unapoingia. Usiwe na haya kutaja unachotaka.

Sasa mniulize, kwa nini hiyo siku moja inaniuma hivi? Inaniuma kwa sababu ya watu wangu.

Mtu ukitoka kwenu ukaja mji wa watu, huna shangazi wa kukupitia jioni, huna msiba wala harusi ya kukuita. Mimi Mungu kanijalia kundi. Yupo shangazi wa Bukoba, mama mtu mzima, anauza vitenge mjini, tunamwamkia shikamoo na akikasirika tunanyamaza sote. Yupo kaka wa Bukavu, fundi cherehani, yeye ndiye aliyenishonea hili gauni mnaloliona. Yupo binti wa Mombasa anayesoma chuo hapa jirani. Na yupo dada wa Gulu, muuguzi, Mganda halisi. Baba yake alikuwa mwanajeshi, dada kakulia kambini wanakoongea Kiswahili, na chake kimenyooka hasa. Yeye anafanya zamu za usiku, kwa hiyo siku zake za kupumzika zinahama kila wiki. Ukiwa na Jumapili moja inayokutana na yake, unaishika kwa mikono miwili.

Siku hiyo tunaanzia Ggaba, mwisho wa barabara hii, pale mitumbwi inapofikia. Unachagua sato mwenyewe, unamfunua shavu uone kama bado jekundu, mnapatana bei, wanakuparua magamba palepale. Shangazi hajawahi kulipa bei ya kwanza tangu nimjue. Kisha tunarudi kwangu. Nazi Kampala ni ghali na nyingi ni kavu mno, kwa hiyo mama yangu akipata mtu ananitumia kwa basi. Wiki ambayo hazipo tunapika samaki kwa mchuzi wa karanga kama wanavyopenda Waganda, na wallahi nimeshaupenda. Kaka wa Bukavu anatwanga kisamvu chake, wao wanakiita sombe, anaweka mawese mpaka mtaa mzima unajua tumepika nini. Tukishiba zinatoka karata. Huku wanacheza mchezo unaoitwa matatu, kila mtoto anaujua, na dada wa Gulu anatufunga wote bila huruma.

Hebu niwakumbushe CHAN, yale mashindano ya soka ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025, nchi zetu tatu zilipoandaa pamoja. Ijumaa, Agosti 22, tulijibana wote sebuleni kwangu. Kenya wakatolewa na Madagaska kwa penalti. Binti wa Mombasa akalia machozi ya kweli, tukambembeleza. Siku ileile Taifa Stars wakafungwa na Moroko moja bila, pale kwa Mkapa. Sasa tukawa tunalia wawili. Dada wa Gulu akasema kesho Uganda itatufuta machozi sote. Kesho yake Senegali wakaifunga Uganda moja bila, uwanja wa Namboole hapahapa Kampala. Shangazi alisimama, akazima televisheni, akasema, "Haya, sasa hakuna wa kumcheka mwenzake, njooni mle." Tulikula hatusemi, baadaye mmoja akaanza kucheka, tukacheka wote mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Na nusu ya mechi ile ya Jumamosi sikuiona. Nilikuwa chumbani na simu ya ofisi, lori jingine, karatasi nyingine. Bao la Senegali nililijua kwa kelele za sebuleni. Dada wa Gulu alikuwa amebadilishana zamu ili tuwe wote siku ile, na atakesha kazini siku nyingine kwa ajili hiyo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Hilo lilinikaa rohoni kuliko matokeo yenyewe.

Ndiyo maana tumechukua hatua. Tuko watatu ofisini tunaoshughulikia nyaraka. Mwenzetu mmoja Mganda amejifunza Kiswahili cha madereva vizuri tu, mwingine anaendelea. Tumemwandikia meneja barua, kwa heshima, tumetaja sheria, tumependekeza zamu: simu ya ofisi izunguke, kila mmoja awe nayo Jumapili yake, na atakayekuwa nayo apumzike Jumatatu. Tumeomba pia kuwe na pesa ndogo ya dharura kwa dereva aliyekwama, isitoke mfukoni mwetu. Meneja ameisoma. Amesema atajibu mwisho wa mwezi. Hakufoka, hakukataa, na mimi nalichukua hilo kwa uzito wake. Akikataa tutakwenda kwa ofisa kazi wa wilaya, tumeshakubaliana wote watatu.

Kitu kingine, wale mnaonisihi niende mubashara Facebook: huku Facebook imefungwa tangu Januari 2021. Watu wanaipata kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi, lakini mtandao unakuwa mzito na bando linakwisha haraka, na bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12 juu yake. Nitaendelea na video hizi za kawaida. Mwenye bando aangalie, asiye nalo aangalie kwa jirani.

Majibu ya barua yakija nitawaeleza, yawe mazuri au mabaya. Na wewe uliyekwisha pata kazi huku, ukisaini mkataba piga picha kila ukurasa, umtumie mtu wa nyumbani akutunzie.

Msalimieni Ngamiani yote. Mama, nazi zimefika salama na basi la Alhamisi, moja tu ndiyo imepasuka. Yule dereva usimlipe tena, nimeshampa huku.