Kutoa Vipandikizi vya Matiti: Usiende Peke Yako

Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu, na habari za jioni wadogo zangu. Nawaona na kina baba wanne kule nyuma karibu na mlango. Asanteni kwa kuja, sogeeni mbele kidogo, maana sehemu ya mazungumzo haya ni yenu.

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kwa zaidi ya miaka 20. Kwanza tuelewane kwenye neno. Ukitaja kipandikizi kwenye kliniki ya uzazi wa mpango, watu wanaelewa kijiti cha mkononi. Leo nazungumzia vipandikizi vya matiti, ile mifuko ya silikoni yenye jeli au maji ya chumvi ndani yake. Wapo waliowekewa baada ya titi kuondolewa kwa saratani, na wapo waliotaka tu kifua kijae. Sababu ya kuviweka haituhusu jioni hii, na naomba hukumu isimtoke mtu kinywani. Wengine waliwekewa nje ya nchi, wakarudi nyumbani, na siku ya kuvitoa inawakuta hapa hapa.

Vipandikizi vya kwanza vya silikoni viliwekwa Houston, Marekani, mwaka 1962. Tangu hapo vimeboreshwa sana, lakini havikuundwa vidumu maisha yote. Mwili ukikutana na kitu kigeni hukizungushia ganda la kovu. Kwa baadhi ya wanawake ganda hilo linakaza, titi linakuwa gumu, linauma, linapanda juu. Kwa wengine mfuko unapasuka, na ule wa jeli unaweza kupasuka na mwenye nao asihisi chochote. Ndiyo maana FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inashauri wenye mifuko ya jeli wapimwe kwa ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekewa, kisha kila baada ya miaka 2 au 3. Wapo pia wanaokuja kwa uchovu usioisha, maumivu ya viungo na kusahau sahau. Baadhi yao hupata nafuu baada ya kutoa, lakini hakuna daktari mkweli atakayekuahidi hilo. Pima kwanza wekundu wa damu, pima tezi la shingo. Isije ikawa umepasuliwa kifua na ugonjwa uko kwingine.

Sasa niwaambie lililonileta. Dada mmoja, mahali pa kazi simtaji na jina simtaji, alitolewa vipandikizi vyote viwili, upasuaji ukaenda vizuri. Nyumbani alikuwa ameaga anakwenda semina. Siku ya tatu akarudi na begi lake kama mtu wa semina. Mtoto wa miaka miwili akamkimbilia, akambeba. Jioni maji hayakutoka, akainua ndoo. Usiku titi la kushoto likavimba likawa kama limejazwa upepo, likabadilika rangi, naye akalala na maumivu yake mpaka alfajiri kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua. Damu ilikuwa imevujia ndani. Tulimrudisha chumba cha upasuaji. Alipona, lakini nilikaa naye wodini nikamsikia akisema, "Dada nesi, ningemwambia hata mtu mmoja tu." Siku ile ndiyo niliamua kila nikipewa nafasi ya kusema, nitasema hili: mchague mtu mmoja umwambie. Asiwe lazima mume, asiwe lazima mama. Awe mtu atakayelala nyumba moja na wewe usiku ule.

Haya, maandalizi. Tafuta kadi ya vipandikizi, ile uliyopewa siku ya kuwekewa, yenye jina la kiwanda na namba. Huenda unaiona karatasi tu. Kuna kiwanda cha Ufaransa, PIP, kiligundulika kinajaza silikoni isiyoidhinishwa kwa matibabu. Machi 2010 bidhaa zake zikaondolewa sokoni, na Desemba 2011 serikali ya Ufaransa ikawashauri wanawake takribani 30,000 wa kule waviondoe. Vilikuwa vimeuzwa nchi nyingi. Halafu Julai 2019 kampuni ya Allergan ikaviondoa sokoni vipandikizi vyake vya BIOCELL dunia nzima, vile vyenye uso wa kukwaruza, kwa sababu vilihusishwa na saratani adimu ya mfumo wa limfu inayoota kwenye lile ganda la kovu. FDA haikusema kila mwenye navyo na asiye na dalili avitoe. Ilisema ajue anacho nini na aangalie mwili wake. Titi likivimba ghafla miaka mingi baada ya kuwekewa, usisubiri. Bila kadi, daktari anabahatisha. Kama imepotea, iandikie hospitali uliyowekewa ikupe kumbukumbu zako.

Ukikutana na daktari bingwa, muulize habari ya ganda. Litatolewa lote, nusu, au litaachwa? Mitandaoni wanawake wanaambiwa ni lazima mfuko na ganda vitoke pamoja kama yai zima. Kwa mwenye ile saratani, ndivyo inavyotakiwa. Kwa wengine si lazima, na pale ganda limeshikana na mbavu, kulibandua kwa nguvu kunaweza kutoboa utando wa pafu. Daktari akikueleza kwa nini anaacha kipande, huyo anakulinda. Kama kuna majimaji au uvimbe wa kutia shaka, muombe vipelekwe maabara.

Sigara na shisha acha angalau wiki 4 kabla, maana ngozi isiyopata damu ya kutosha haiungi. Aspirini, ibuprofeni, vidonge vya vitamini E, mafuta ya samaki na vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza kuvuja damu. Daktari atakwambia kipi kati ya hivyo usimamishe na lini, kwa kawaida wiki moja au mbili kabla. Dawa ya presha, ya sukari, ya kuzuia damu kuganda au ARV usiiache kwa uamuzi wako. Na dawa za miti shamba zitaje zote. Nawajua, mnazificha. Anayekupa nusu kaputi anahitaji kujua kila kilichomo tumboni mwako. Mweleze pia kama una selimundu, hata kama hujaugua miaka.

Tumbo lenyewe liwe tupu. Chakula kizito mwisho masaa 8 kabla ya upasuaji, chepesi mwisho masaa 6 kabla, maji matupu mwisho masaa 2 kabla, isipokuwa hospitali yako iseme vingine. Uji ni chakula. Chai ya maziwa inahesabika kama chakula. Nimeona operesheni zikiahirishwa asubuhi kwa kikombe cha uji, mgonjwa analia na ndugu wamesafiri. Hatuwatesi kwa njaa. Ukiwa umelala, kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Nyumbani andaa kabla hujaondoka. Suka nywele, maana wiki kadhaa hutaweza kuinua mikono kichwani. Shusha sufuria na sukari kutoka rafu ya juu, weka usawa wa kiuno. Nunua magauni ya kufungua mbele na sidiria laini isiyo na waya. Tafuta mito mitatu ya kulalia chali, kichwa na kifua vimeinuka.

Baada ya upasuaji unaweza kuamka na mpira mwembamba kila upande, unaotoa majimaji kwenye kichupa. Msimamizi wako aandike kwenye daftari kila siku yametoka kiasi gani na rangi gani. Madaktari wengi huutoa yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku. Siku ya pili na ya tatu uvimbe huwa mkubwa kuliko siku ya kwanza, usishtuke. Tembea ndani ya nyumba tangu siku ileile, taratibu, ili damu isigande miguuni. Lakini usiinue kitu cha zaidi ya kilo 2 au 3 kwa wiki 4 hadi 6, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kusonga ugali, kukuna nazi, kufua kwa mkono, kushika bomba la daladala, vyote vinavuta misuli ya kifua. Unaposali, sali umekaa kwenye kiti; kusujudu kunaegemeza uzito wote mikononi na kifuani.

Hapa niseme na mama zangu. Mzazi tunamkanda kwa maji ya moto siku arobaini, na ni upendo. Huyu msimkande kifuani. Ngozi yake bado ina ganzi, ataungua asijue. Msimpake liwa wala manjano kwenye mshono. Lakini zile siku arobaini zenyewe mpeni, za kupikiwa na kupokelewa mtoto. Anastahili. Na kama kwao keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, zinaota, daktari ajue mapema, apange matunzo ya kovu tangu mwanzo.

Kioo. Wiki za mwanzo matiti yatakuwa yamelegea, yenye mikunjo, pengine hayalingani. Wanawake wengi hulia. Siwezi kuwaambia msilie. Ninachojua ni kwamba ngozi hujikusanya kwa miezi 3 na zaidi, na makovu huendelea kufifia mwaka mzima. Kuna wanaoinuliwa matiti katika operesheni hiyohiyo, na kuna wanaosubiri waone kwanza. Mimi, kama ni mdogo wangu, ningemshauri asubiri, ila huo ni ushauri wangu tu. Na kilio kikipita wiki mbili, usingizi haupo, chakula hakipiti, sema kliniki. Hiyo nayo inatibiwa.

Nilipomaliza, mmoja wa wale kina baba akasimama akauliza, "Sisi tukae wapi katika haya?" Nikamjibu: Usiku wa kwanza na wa pili, weka saa ikuamshe. Washa taa. Muombe ruhusa, kisha tazama matiti yote mawili. Moja likiwa limevimba ghafla kuliko mwenzake na limekaza, mpeleke hospitali usiku huohuo. Joto likizidi nyuzi 38, mshono ukitoa usaha au wekundu ukienea, mpeleke. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba na kuuma, au pumzi ikimkata, usitafute boda. Mpeleke kwa gari, haraka. Asubuhi chota maji kabla hajaamka, maana akiona ndoo tupu ataibeba. Namba ya wodi iandike ukutani kwa kalamu nene, isibaki kwenye simu yake tu.

Alitoa daftari akaandika.