Kigalisia na Kidenmaki: Kila Mmoja na Ndugu Aliyeondoka

HAMISI: Kabla hujaniuliza, Neema, hapana. Hizi lugha hazina undugu wa karibu. Kigalisia kimezaliwa na Kilatini, kinasemwa Galicia, kule pembeni kaskazini-magharibi mwa Hispania, juu ya Ureno. Kidenmaki ni cha ukoo mmoja na Kijerumani, tawi la kaskazini, pamoja na Kiswidi na Kinorwei.

NEEMA: Sasa umeziweka pamoja kwa sababu gani?

HAMISI: Kwa sababu kila moja ina ndugu aliyeondoka nyumbani. Zamani Kigalisia na Kireno vilikuwa lugha moja, tena yenye hadhi. Karne ya 13, katika baraza la Alfonso X, mfalme wa Castilla, kwenye asili ya Kihispania, zilitungwa nyimbo zaidi ya 400 za kumsifu Bikira Maria. Unadhani kwa Kihispania? Wapi! Ni kwa hiyo lugha ya Galicia na Ureno.

NEEMA: Mfalme anaacha lugha ya ufalme wake!

HAMISI: Kwa ushairi wa kuimbwa ndiyo iliyopendwa. Baadaye Ureno ikasimama kama dola, ikavuka bahari. Galicia ikabaki chini ya Castilla, na kuanzia karne ya 16 hadi ya 18 Kigalisia kikawa cha kusemwa tu, karibu hakiandikwi kabisa. Wenyewe wanaziita Karne za Giza.

NEEMA: Na huyo Mdenmaki?

HAMISI: Mpaka 1814 Norwei ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, na maandishi yake yalikuwa Kidenmaki. Hata leo bokmål, maandishi wanayotumia Wanorwei wengi, yametokana na Kidenmaki. Ila Denmark ilipompoteza ndugu ilibaki na serikali yake, shule zake, jeshi lake. Galicia haikubaki na kitu.

NEEMA: Ngoja tushuke kwenye lugha zenyewe, maana siasa itamaliza saa nzima. Mimi Kidenmaki kilinishinda kwenye matamshi. Neno la "yeye" wa kike ni *hun*. Mbwa ni *hund*, lakini hiyo *d* haitamkwi. Kinachotofautisha ni kubana koo kidogo, wanaita *stød*. Ukibana pasipotakiwa, unamtaja mke wa mtu na watu wanageuka kutafuta mbwa.

HAMISI: Na wao wenyewe wanajua. Mnorwei atasoma gazeti la Copenhagen bila shida, lakini Mdenmaki akianza kuongea anaombwa arudie. Konsonanti zinalainika mpaka zinapotea.

NEEMA: Nambari ndiyo balaa. Kigalisia *tres* ni tatu. Kidenmaki *tres* ni sitini!

HAMISI: Sitini kwa sababu ni tatu mara ishirini, ila ile "mara ishirini" imekatwa. Hamsini ni *halvtreds*: "nusu ya tatu", yaani mbili na nusu, mara ishirini. Tisini ni *halvfems*, nne na nusu mara ishirini. Wasikilizaji, chukueni kalamu.

NEEMA: Muuza samaki anafanya hesabu hiyo yote?

HAMISI: Hafanyi. Kwake ni jina tu. Anayeteseka ni mgeni.

NEEMA: Kigalisia kwangu ni chepesi, na nadhani Mswahili yeyote atakipenda. Kitenzi kinabeba mtendaji ndani yake. *Falo*, nasema. *Falamos*, tunasema. Kidenmaki ni *taler* kwa kila mtu, lazima uweke mimi, wewe, sisi mbele yake. Halafu Kigalisia kinaweka mtendaji hata kwenye umbo lile la "kusema", ambalo kwetu halina mtendaji: *para falarmos*, ili sisi tuseme. Na ukimuuliza mtu "*Vés?*", unakuja?, anakujibu "*Veño*", nakuja. Ndiyo na hapana anaweza kuziacha kabisa.

HAMISI: Na kuna maneno utayatambua bila mwalimu.

NEEMA: *Mesa, bandeira, viño.* Meza, bendera, mvinyo. Sisi tuliyapata kwa Wareno waliokuja pwani yetu, wao wanayo tangu enzi za ule undugu.

HAMISI: Umegusa kidonda sasa. Kufanana na jirani ndiko kunakokimaliza Kigalisia. Kihispania kiko karibu nacho mno, kinaingia neno kwa neno na msemaji hashtuki. Ule mchanganyiko wanauita *castrapo*, na si jina la sifa. Mwaka 1863 Rosalía de Castro alitoa mashairi yake kwa Kigalisia, na ndiyo maana Mei 17 ni sikukuu ya fasihi yao tangu 1963. Mwaka 1983 ikaja sheria ya kuirudisha lugha shuleni. Halafu 2010 serikali ya jimbo lenyewe, si Madrid, ikatoa amri kwamba hisabati, fizikia na kemia zifundishwe kwa Kihispania.

NEEMA: Yaani lugha ya ushairi inabaki kwenye ushairi.

HAMISI: Ndiyo hivyo. Kwa hiyo mimi niko na wale wanaotaka Kigalisia kiandikwe kama Kireno. Waache *ñ* na *ll* za Kihispania, wachukue *nh* na *lh*. Kesho yake mtoto wa Vigo, mji wa Galicia, anasoma vitabu vya Brazil, Angola na Msumbiji kama vya kwao.

NEEMA: Na bibi wa kijijini huko huko Galicia, upande wa Lugo, aliyeanza juzi tu kuona lugha yake imeandikwa, unamwambia ameandika vibaya?

HAMISI: Denmark walifanya. Mwaka 1948 waliacha kuanza kila nomino kwa herufi kubwa kama Wajerumani, wakaleta *å* badala ya *aa* kama Waswidi na Wanorwei. Walijisogeza kwa ndugu kwa makusudi.

NEEMA: Walikuwa na wizara yao, Hamisi, hakuna jirani wa kuwauliza kitu. Tena si wote waliokubali. Watu wa mji wa Aalborg waling'ang'ania *aa* ya jina lao. Na wa mji wa Aarhus, walioandika kwa *å* miaka yote hiyo, 2011 wakairudisha *aa*.